KATIKATI HAKUNA PICHA: Historia ya homoni na subira ya mwili

SEHEMU YA 1: Ujumbe wa mama

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nimeamka na deni lenu. Somo la leo ni refu, kwa hiyo bandika maharage jikoni kwanza, ndo ukae.

Kwa wageni: mimi ni nesi, naishi huku Sola, Simiyu. Kila wiki nachukua kitu kimoja cha hospitali na kuwapa historia yake, kilitoka wapi na nani alikihangaikia. Leo ni homoni.

Wiki kadhaa zilizopita mama mmoja aliniandikia pembeni. Mwanawe ni mtu mzima, anaishi nje ya nchi. Alipozaliwa aliandikwa mvulana. Huko aliko sasa anaishi kama mwanamke, na ameanza tiba ya homoni chini ya daktari. Mama akaniambia hivi: "Sista, usinihubirie, nimeshahubiriwa vya kutosha. Jana kanitumia ujumbe wa sauti analia. Miezi saba anatumia dawa, anasema akijitazama kwenye kioo bado ni yule yule. Kuna mtu anamuuzia dawa nyingine, anataka aongeze dozi mara mbili. Mimi nina swali moja tu: itamdhuru?"

Nilimjibu palepale: ndiyo, inaweza kumdhuru, mwambie asiongeze hata kidonge kimoja bila daktari wake. Lakini akaniuliza tena: "Sasa kwa nini dawa haifanyi kazi?" Hapo ndipo nilipoona jibu la mstari mmoja halitoshi. Dawa inafanya kazi. Mwili ndio una mwendo wake.

Nimepata ruhusa yake kuandika, na nimebadilisha mambo machache asitambulike. Najua wengine mtauliza, "Nesi, mada hii inatuhusu nini sisi wa huku?" Vumilieni. Mkifika sehemu ya 6 mtajikuta wenyewe mmo ndani.

SEHEMU YA 2: Majogoo sita na mzee aliyejidunga

Tuanze na kuku, maana kuku tunawajua wote.

Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, daktari aitwaye Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga sita, wale ambao bado hawajaanza kuwika. Akawatoa korodani. Wawili akawaacha hivyo hivyo. Wanne akawapandikizia korodani tumboni, mahali ambapo si pake, zikiwa hazijaunganishwa na mishipa ya fahamu ya zamani.

Kisha akasubiri. Hakuna kingine alichokifanya, alisubiri tu.

Wale wawili wakanenepa, wakawa wapole, kilemba cha kichwani kikabaki kidogo na cheupe cheupe, hawakuwika kama majogoo. Wale wanne wakaota kilemba chekundu, wakapigana, wakawika, wakafuata majike. Berthold akaelewa kwamba kuna kitu kinatoka kwenye korodani kinaingia kwenye damu, na damu ndiyo inakisambaza mwili mzima. Hakukijua jina. Jina "homoni" lilikuja mwaka 1905, alipolitumia Mwingereza Ernest Starling, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kusukuma.

Sasa mfananishe Berthold na mtu wa pili. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa mwaka 1817 Port Louis, Mauritius, kisiwa cha Bahari ya Hindi hii hii yetu. Akawa daktari mkubwa Paris. Mwaka 1889, akiwa na miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa kwenye korodani za mbwa na za simbilisi. Baada ya muda mfupi sana akawatangazia wenzake kwamba nguvu za ujana zimerudi, anapanda ngazi mbio, anafanya kazi hadi usiku.

Watu wakachanganyikiwa. Wafanyabiashara wakaanza kuuza maji ya namna hiyo kila mahali. Baadaye sayansi ikagundua kwamba yale maji hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote, kwa sababu homoni ile haichanganyiki vizuri na maji. Alichokisikia mzee yule kilitoka kwenye matumaini yake.

Hili somo la kwanza lishikeni. Katika visa hivi viwili, mabadiliko yaliyoonekana haraka haraka ndiyo yaliyokuwa ya uongo. Ya kweli yalikuja kwa jogoo aliyeachwa akue.

SEHEMU YA 3: Mwanamke wa Newcastle

Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari kijana George Murray alikuwa na mgonjwa mwanamke wa miaka 46. Uso umevimba, ngozi kavu, anasikia baridi kila wakati, anaongea kwa taabu, anafikiri kwa taabu. Tezi yake ya shingoni, ile inayovimba mtu akawa na goita, ilikuwa haifanyi kazi. Enzi zile mtu wa namna hiyo alikuwa anafifia tu hadi anakufa.

Murray akachukua tezi za kondoo, akatengeneza dawa, akamdunga. Hakumdunga mara moja akamaliza. Alirudia, wiki baada ya wiki. Miezi ikapita, uvimbe ukashuka, sauti ikarudi, ukawa uso wa mtu anayejulikana na majirani. Mwanamke yule aliendelea kutumia dawa ya tezi maisha yake yote. Alifariki mwaka 1919, akiwa na miaka 74. Piga hesabu: miaka 28 tangu aanze tiba.

Hii ndiyo tiba ya kwanza ya homoni iliyofanikiwa kweli, na tayari kila kitu tunachokijua leo kimo ndani yake. Dawa ni ya kila siku au kila wiki. Mabadiliko ni ya miezi. Na kipimo kina mpaka wake, maana homoni ya tezi ikizidi, moyo unakimbia, mtu anatetemeka, anaweza kupoteza maisha. Ukimwongezea mgonjwa ili uso ushuke upesi, utafika kwenye moyo kabla hujafika kwenye uso.

SEHEMU YA 4: Picha mbili

Homoni zenyewe za uzazi zilipatikana baadaye. Estroni, ambayo ni aina moja ya estrojeni, ilitenganishwa mwaka 1929. Testosteroni ilipatikana na kupewa jina mwaka 1935 na kundi la Ernst Laqueur, Amsterdam. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwake, wakaonyesha jinsi ya kuitengeneza maabara. Mwaka 1939 hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Dawa ikishakuwepo, watu waliokuwa wakiteseka kimya na miili yao nao wakaisikia.

Uingereza, mwaka 1939, kulikuwa na Michael Dillon, aliyezaliwa akaandikwa msichana. Alianza kumeza vidonge vya testosteroni. Wakati wa vita alifanya kazi gereji, mjini Bristol. Cheti chake cha kuzaliwa kilibadilishwa mwaka 1944. Upasuaji wake ulifanywa kwa awamu nyingi, kuanzia 1946 hadi 1949. Katikati ya hayo yote alikuwa anasomea udaktari, akahitimu mwaka 1951. Tangu kidonge cha kwanza hadi upasuaji wa mwisho ni miaka 10. Na katika miaka hiyo mtu alikuwa anaamka, anaoga, anakwenda kazini, anarudi.

Halafu akaja Christine Jorgensen. Huyu alizaliwa New York mwaka 1926, akaandikwa mvulana, na aliwahi kuwa askari wa jeshi la Marekani. Mwaka 1950 alisafiri kwenda Copenhagen, Denmark, akatibiwa na daktari wa homoni, Christian Hamburger. Alipata homoni na kufuatiliwa kwa muda mrefu, kisha upasuaji. Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti la New York likaitoa habari yake ukurasa wa mbele, dunia nzima ikaisoma.

Gazeti lilifanya nini? Likaweka picha mbili. Upande mmoja askari, upande mwingine mwanamke mrembo wa nywele za dhahabu.

Mama zangu, hapa ndipo matatizo ya mtoto wa yule mama yalipoanzia, miaka mingi kabla hajazaliwa. Picha mbili. Zaidi ya miaka miwili ya Copenhagen ikaondolewa, zikabaki kabla na baada. Msomaji alifumba jicho upande wa kushoto, akalifumbua upande wa kulia, akaona kama muujiza. Mwaka 1953 Hamburger alichapisha uchambuzi wa barua alizoandikiwa na watu 465 waliotaka kubadili jinsia. Watu 465 walioandika baada ya kusikia habari ya picha mbili.

Leo hali ni ile ile, ila gazeti limehamia mkononi. Simu imejaa picha mbili mbili: kabla na baada ya kupungua, kabla na baada ya kupaka, kabla na baada ya homoni. Mwezi wa saba hauna picha. Mwezi wa saba mtu yupo chumbani peke yake na kioo.

SEHEMU YA 5: Kwa nini mwili hauharakishwi

Sasa niweke unesi kidogo, nitaenda taratibu.

Dawa ya homoni ikiingia, inafika kwenye damu upesi, ndani ya saa au siku chache kutegemea aina. Ukipima damu, utaiona. Kwa hiyo mtu asiseme dawa haijaingia. Lakini damu ni barabara tu. Homoni inatakiwa ishuke kituoni, iingie kwenye chembe hai, ikae kwenye kipokezi chake, itoe amri. Chembe ianze kutengeneza kitu kipya, chembe zigawanyike, nyama ijengwe, mafuta yahame mahali pamoja yaje mahali pengine, unywele wa zamani umalize muda wake ndipo wa aina nyingine utoke. Huo ni ujenzi. Nyumba haijengwi kwa kumwaga matofali yote uani siku moja.

Vipokezi ni kama viti vya basi. Basi la Bariadi kwenda Mwanza lina viti vyake. Vikijaa, ukiongeza abiria hutafika Mwanza mapema zaidi. Utapata msongamano na ajali. Estrojeni ikizidi, ini linaongeza vitu vinavyogandisha damu. Bonge la damu linaweza kujifanya mguuni, likasafiri hadi kwenye mapafu, na hapo tunampoteza mtu ndani ya muda mfupi. Testosteroni ikizidi, damu inakuwa nzito, na sehemu ya ile ya ziada mwili wenyewe unaigeuza kuwa estrojeni. Yaani mtu anaongeza dozi ili afike mashariki, mwili unamrudisha magharibi.

Ratiba ambayo miongozo ya madaktari inaitoa ni kama hivi. Kwa anayetumia estrojeni, ngozi inaanza kulainika na matiti yanaanza kuota kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Matiti yanafikia ukubwa wake baada ya miaka 2 hadi 3. Mafuta ya mwili yanahama kwa miaka. Vinyweleo vya mwili vinapungua polepole, inaweza kupita miaka 3. Sauti haibadiliki kwa estrojeni, hata angemeza debe zima. Kwa anayetumia testosteroni, hedhi inaweza kusimama ndani ya miezi 6 ya mwanzo, sauti inashuka ndani ya mwaka wa kwanza na kutulia mwaka wa pili, lakini ndevu zinaweza kuchukua miaka 4 au 5 kukamilika. Na hata hiyo ni wastani. Umri, urithi wa ukoo na afya ya mtu vinaingia. Huwezi kupata ndevu ambazo babu zako wote hawakuwa nazo.

Kwa hiyo mtu wa mwezi wa saba akisema haoni kitu, hesabu inasema yuko mwanzoni kabisa. Hajachelewa. Ni sawa na mtu aliyepanda pamba Desemba akaenda shambani Januari na gunia.

Dalili za hatari ambazo nilimwandikia yule mama ampelekee mwanawe, nanyi zihifadhini, maana zinawahusu hata wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au kuuma ghafla, kukosa pumzi, kichwa kuuma vibaya ghafla, upande mmoja wa mwili kulegea au ulimi kuwa mzito. Ukiona mojawapo, hospitali sasa hivi, na umwambie anayekupokea dawa zote ulizotumia, hata zile za kununua pembeni. Sisi tunahitaji ukweli ili tukutibu. Hukumu si kazi yetu.

SEHEMU YA 6: Na sisi wa sindano ya miezi mitatu

Nilisema mtajikuta. Haya.

Chama cha UMATI kilianza kazi ya uzazi wa mpango nchini kwetu mwaka 1959. Leo sindano ya miezi mitatu ni mojawapo ya njia zinazopendwa sana, hata huku vijijini, kwa sababu ni siri ya mtu na haihitaji kukumbuka kila siku. Ndani yake kuna homoni, ndugu ya ile projesteroni ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe.

Sasa dada anaacha sindano Januari, anataka mtoto. Machi hakuna. Juni hakuna. Mama mkwe anaanza kuangalia pembeni. Agosti kuna maneno ya ugumba, na wifi anasema "sindano zimekuharibu kizazi." Mimi nimekaa na dada wa namna hii, begi lake likiwa tayari limefungwa arudishwe kwao.

Kumbe hesabu ni hii: baada ya sindano ya mwisho, inachukua kwa wastani kama miezi 10 mwanamke kushika mimba. Wengine mapema, wengine hupita mwaka. Sindano haijaharibu kizazi. Dawa iliwekwa kwenye msuli ili itoke kidogo kidogo, na mwili unachukua muda wake kuamsha mayai tena. Hakuna kidonge cha kuifukuza. Dada yule alihitaji watu wa nyumbani kwake waambiwe miezi 10 kabla hawajaanza kuhesabu.

Mnaona sasa? Yule mtoto wa nje ya nchi na dada huyu wa shamba la pamba wana shida moja. Homoni imefanya kazi yake kwa mwendo wake, na watu wanaowazunguka, au wao wenyewe, wameshika saa nyingine. Mmoja anataka kuongeza dozi. Mwingine anapewa mitishamba na kila mtu anayepita. Wote wawili wanaweza kuumizwa na haraka, wala si na mwili.

SEHEMU YA 7: Waliopiga picha ya katikati

Je, hakuna aliyeonyesha katikati? Wapo, na hawa ndio ninaowapenda.

Wa kwanza ni Mwingereza James Tanner. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, katika mji wa Harpenden, yeye na msaidizi wake Reginald Whitehouse waliwafuatilia watoto wa kituo cha malezi kwa miaka na miaka. Waliwapima na kuwapiga picha tena na tena, mtoto yule yule, kuanzia udogoni hadi ukubwani. Lazima niseme pia: walikuwa watoto wasio na wazazi wa kuwasemea, na leo tungeuliza maswali mazito kuhusu ridhaa yao. Lakini kutokana na kazi hiyo, mwaka 1969 kwa wasichana na 1970 kwa wavulana, dunia ilipata hatua tano za kubalehe ambazo sisi wauguzi tunafundishwa hadi leo. Hatua tano, na kutoka ya pili hadi ya tano ni miaka kadhaa. Msichana akianza kuota matiti, hedhi ya kwanza kwa kawaida huja baada ya miaka miwili hivi. Na hapo homoni ni zake mwenyewe, hakuna aliyemdunga.

Basi kama mwili wa binti yako, kwa homoni zake mwenyewe, unachukua miaka 4 au 5 kumaliza, iweje mwili wa mtu mzima umalize kwa miezi saba? Tiba ya homoni ni kubalehe kwa mara ya pili, na hakuna aliyewahi kubalehe kwa wiki.

Wa pili ni David Morley, daktari aliyefanya kazi kijijini Imesi-Ile, Nigeria, tangu mwaka 1956. Huyu ndiye aliyebuni ile kadi ya ukuaji wa mtoto, babu wa kadi ya kliniki uliyoiweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Mnajua inavyofanya kazi. Kila mwezi nukta moja. Nukta moja haisemi kitu. Mtoto wa kilo 7, ni mzima au mgonjwa? Huwezi kujua hadi uone nukta za nyuma. Mstari ukipanda, hata taratibu, mama anatabasamu. Mstari ukilala, tunakaa kuzungumza.

Morley alielewa kwamba mama anayemwona mtoto kila siku hawezi kuona kwamba anakua. Macho yamezoea. Anayeona ni shangazi aliyekuja baada ya mwaka. Kadi ndiyo shangazi wa kila mwezi.

SEHEMU YA 8: Karatasi nazo hukawia

Jirani zetu Kenya wana kisa kinachojulikana wazi, kilichoandikwa magazetini. Audrey Mbugua alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 kwa jina la kiume alilopewa utotoni, akapata alama nzuri sana. Baadaye akaishi kama mwanamke. Mwili na maisha vikaenda mbele, cheti kikabaki nyuma. Ukienda kuomba kazi na cheti chenye jina la mtu mwingine, utaajiriwa na nani? Aliipeleka Baraza la Mitihani mahakamani. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru apewe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Kutoka mtihani hadi hukumu ni miaka 13.

Nakitaja kwa sababu moja. Tunadhani kinachochelewa ni mwili tu. Wanaomzunguka mtu nao hukawia. Shirika la Afya Duniani lenyewe hadi mwaka 2019 ndipo lilipokubali orodha mpya ya magonjwa inayoiondoa hali hii kwenye magonjwa ya akili, na orodha ikaanza kutumika Januari 2022. Kama shirika zima limechukua miaka yote hiyo, mama wa huku kwetu akihitaji muda kuzoea, simshangai. Lakini muda huo autumie akiwa anaongea na mwanawe, asiutumie akiwa amekata simu.

SEHEMU YA 9: Nilichomwambia mama

Nilimwambia mambo manne, nayaweka hapa kama yalivyo.

Moja, mwanao asiongeze dozi. Akiona haendi, amwombe daktari wake ampime damu. Kama kipimo kiko sawa, kazi inaendelea. Kama hakiko sawa, daktari atarekebisha. Hakuna njia ya tatu, na muuza dawa wa pembeni hayumo.

Mbili, atengeneze kadi yake. Kila mwezi tarehe ile ile apime na kuandika: uzito, kifua, kiuno, nyonga, ngozi ikoje, usingizi ukoje, moyo ukoje. Picha moja, mwanga ule ule, nguo ile ile. Kisha afunge daftari hadi mwezi ujao. Kioo cha kila asubuhi hakina kumbukumbu, daftari linayo.

Tatu, huzuni yake ni ya kweli. Mtu anayelia usiku kwa sababu ya mwili wake asiambiwe "vumilia tu" halafu simu ikakatwa. Kuvumilia peke yako ni adhabu. Akisema maneno ya kutotaka kuishi, huo ni wito wa dharura kama damu inavyotoka, atafutiwe mtu wa kukaa naye na hospitali usiku huo huo.

Nne, nikamwambia: mayu, wewe hujaniambia kwamba unakubaliana naye, nami sijakuuliza. Hilo ni lako, la moyo wako na dua zako. Lakini umeuliza "itamdhuru?" kabla ya kuuliza lingine lolote. Mwambie hivyo hivyo. Mwambie hilo ndilo swali lako la kwanza.

Alikaa kimya siku nne. Kisha akaniandikia kwamba ameongea na mwanawe kwa saa nzima, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Dawa ya pembeni ameitupa. Daftari amenunua. Na akaniambia jambo nililolisoma mara mbili: alimwomba mwanawe amtumie picha ya sasa hivi, ya mwezi wa saba, isiyopambwa. Akatumiwa. Akasema: "Sista, yeye anasema hajabadilika. Mimi nimeona mashavu yamebadilika. Sijamwona mwaka mzima, nimeona mara moja."

Shangazi wa kliniki, mnamkumbuka.

Hadi leo sijui mwaka wa pili utawaleteaje. Nao hawajui, bado wako katikati.

Maswali wekeni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya kesho. Anayetaka siri aniandikie pembeni, ila kwa dharura usingoje nijibu, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Na wewe dada uliyeacha sindano Januari: mwonyeshe mama mkwe sehemu ya 6. Mwambie nesi kasema miezi 10.

Wiki ijayo tutaangalia chumvi yenye madini joto na goita, ilivyoanza.